Karata za Bure kwa Dona Lurdes

Tulipotoka kumzika Papa Célestin, mimi na Trésor tuliketi kwenye ukumbi wa kanisa lao la Wakongo pale Bertrams, Johannesburg, kila mmoja na mlima wake wa wali na kuku. Trésor alikuwa ameruka kutoka Cape Town, ambako sasa ana saluni mbili na kitambi chenye hadhi ya saluni ya tatu. Mjukuu wa marehemu, binti anayesoma chuo kikuu Braamfontein, anayekisikia Kiswahili vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza, alitujia na jagi la juisi akauliza: "Eti ni kweli babu alikuwa bingwa wa poka?" Tukajibu "Ndiyo!" kwa pamoja, haraka mno, kama wezi wawili walioulizwa na polisi kama wanajuana. Binti akatukagua mmoja baada ya mwingine, akamimina juisi taratibu, akaondoka. Trésor akaninong'oneza, "Profesa, yule ameshatushuku." Nikamwambia damu ni damu, hata babu yake alianza kwa kutushuku. Tukacheka mpaka mama mmoja wa kwaya akatugeuzia jicho, na tangu siku hiyo mwaka ule wa poka umekataa kunitoka kichwani.

Ulikuwa mwaka 2015. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na cheti kipya cha shule ya jioni, ambacho nilikizungusha Johannesburg nzima mpaka kikaanza kukatika kwenye mikunjo. Watu wa mtaani waliniita Profesa, wengine Profesa wa Jioni, na mimi sikuona tofauti yoyote. Tulipanga chumba kimoja Doornfontein, ghorofa ambayo lifti yake ilikufa kabla sisi hatujazaliwa. Tulikigawa kwa pazia: upande wangu dirisha, upande wa Trésor jiko la umeme na vichwa vyake vya plastiki, vile vya kuvalishia nywele za bandia, vimepangwa rafuni vikinitazama nikila. Trésor alikuwa msusi, mtoto wa Lubumbashi, mwenye vidole vinavyoweza kusuka kamba kutoka kwenye moshi. Kila kitu chumbani kilinukia mafuta yake ya nywele, hata sombe ya majani ya muhogo, hata mkate. Nakumbuka umeme ukikatwa kwa zamu mwaka ule, tunasonga bukari, yaani ugali, kwenye jiko la gesi la jirani, tunakula na makreli wa kopo gizani, kila mmoja akimshuku mwenzake kwamba kipande kikubwa kimepitia kwake.

Wazo la ligi ya poka nililiokota kaskazini mwa jiji, kwenye baa moja ya watu wenye nafasi, ambako nilikuwa nikipanga viti. Kila Jumatatu baa ile ilikuwa jangwa, hadi walipoanzisha poka ya bure. Hakuna kiingilio, hakuna senti mezani. Unapewa vibao vya plastiki sawa na mwenzako, ukishinda unapata pointi, na mwisho wa msimu mwenye pointi nyingi anapata kikombe na picha ukutani. Baa inauza chakula na vinywaji, basi. Jumatatu ile jangwa likawa Makka. Nikarudi nyumbani nikamwambia Trésor, "Ndugu yangu, tumetoka." Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa ule mutu anaibiwa, anaibiwa wapi?" Nikasema hakuna anayeibiwa. Akatikisa kichwa. "Basi njo sisi banatuibia."

Hilo ndilo swali nililoulizwa na jiji zima. Ukitaka Johannesburg ikutilie shaka, usiuze kitu ghali, toa kitu bure. Dona Lurdes, mwanamke wa Kireno mwenye baa kule Troyeville, alinikodolea macho yanayoweza kuchemsha maji ya chai. Baa yake ilikuwa na sakafu ya vigae vyekundu, meza za mbao nzito kama majeneza, na maini ya kuku ya pilipili ambayo yalimfanya mtu mzima aite majina ya ukoo wake. "Bure?" akasema. "Kijana, mume wangu alinioa akisema hana anachotaka kutoka kwangu. Sasa hivi yuko Durban na gari langu." Hata hivyo Jumamosi alasiri zake zilikuwa kavu, akakubali, kwa sharti moja: viti. Alikuwa na viti vya kuhesabika, na wanaokuja kula ndio wanaolipa. Kwa hiyo aliyeishiwa vibao asimame, kiti chake kirudi kwa walaji. Ukishindwa unakunywa soda yako ukiwa umeegemea ukuta. Nilisema sawa, sharti dogo hilo. Shule ya jioni hawafundishi kuogopa sharti dogo.

Wakaja. Upande mmoja walikuja wenyeji, wakiongozwa na Bra Vusi, fundi umeme mstaafu mwenye kofia ya sufu na sauti ya redio, ambaye hata robot ya barabarani ikiwaka kijani alisubiri kwanza aone inataka nini. Upande wa pili walikuja vijana wa kanisa la Trésor, Wakongo watupu: mlinzi, muuza simu, na Junior, kijana mrefu aliyefanya kazi kwenye karakana ya viatu na kucheka kwa mabega. Polisi walikuja nao, mara mbili, wakainama chini ya meza kutafuta pesa, wakapata mfupa wa kuku. Wakatushuku zaidi. Na mchungaji, aliposikia vijana wake wanashika karata, akasema Jumapili madhabahuni kwamba shetani siku zote anaanza kwa kuonjesha bure. Wiki iliyofuata alimtuma Papa Célestin.

Papa Célestin alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu, mzee wa kanisa, mtu wa suti hata kwenye kununua nyanya. Vijana wote wale alikuwa amewashika mkono walipofika mjini. Aliwaonyesha pa kulala na foleni ya kupanga kwa ajili ya makaratasi ya ukimbizi, na harusi zao alizisimamia. Aliingia kwa Dona Lurdes kama mkaguzi wa hesabu wa mbinguni. Vijana wakasimama wote. Nami, Mtanzania wa watu, nikajikuta nimesema shikamoo kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili. "Marahaba. Nimekuya kuangalia tu," akasema. Lakini kwa Dona Lurdes hakuna kiti cha kuangalia tu, kuna cha kula na cha kucheza. Papa alikuwa ameshakula. Tukamweka mezani, tukamgawia vibao, nikamweleza: karata mbili zako za siri, tano za wote zinafunguliwa mezani, ukiamini zako unasukuma vibao, usipoamini unatupa. Na wenzako wote wakitupa, unazoa vyote, hata kama mkononi hukuwa na kitu. Akauliza, "Bila kuonyesha?" Nikasema bila kuonyesha. "Hii si kamari," akasema. "Hii ni siasa."

Jumamosi hiyo Papa Célestin akashinda. Iliyofuata akashinda. Ripoti aliyompelekea mchungaji sijui ilisema nini, ila marufuku haikuja, na mwezi wa pili mzee alikuwa anafika kabla yetu, ameshavua koti na kukunja mikono ya shati. Ungemwona! Alisukuma vibao kwa vidole viwili kama anayesukuma sahani ya mgeni, akakaa kimya, na vijana wakatupa karata mmoja baada ya mwingine kama majani ya mti ulioguswa na jini. Jina lake lilikaa juu ya ubao wa pointi kama jina la mtaa. Bukavu nzima ilijua, maana alikuwa akipiga simu kila Jumapili kuwaeleza wadogo zake kwamba huko Afrika ya Kusini amegundua kipaji uzeeni. Nilimsikia mwenyewe siku moja, amesimama mlangoni pa duka lake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni: "Hapana bahati, mudogo wangu. Ni kichwa. Banaogopa kichwa."

Bra Vusi ndiye aliyenivuta pembeni, karibu na friji ya soda. "Profesa, mfethu, sikiliza. Mimi nikisukuma vibao, wale vijana wananifuata kama mbwa anafuata bucha. Mzee akisukuma, wote wanakimbia. Hayibo! Mnaongea nini kwa lugha yenu?" Nikasema hatuongei kitu. "Hilo ndilo linalonitisha," akasema. Nikapiga marufuku Kiswahili mezani, Kiingereza tu mchezo ukiendelea. Vijana wakatii, wakatupa karata zao kwa Kiingereza. Papa akashinda. Bra Vusi akanitazama kwa huzuni kama daktari. "Nakupa hadi fainali. Ikiwa hivi hivi, naondoka na watu wangu wote, na Dona Lurdes atabaki na kanisa lenu linalokunywa maji ya bomba." Hakuwa anatania. Nusu ya wateja wa baa walikuwa watu wake. Na ligi ile, mnielewe, ndiyo kitu pekee nilichokuwa nimewahi kuanzisha kikasimama, cheti changu chote kilikuwa pale.

Basi nikageuka mpelelezi, na mshukiwa wangu nikala naye sahani moja. Trésor ndiye aliyegawa karata. Trésor ndiye mwenye vidole. Na karata zetu, nilipozinusa, zilinukia nini? Mafuta ya nywele! Nikawa na hakika kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe: alikuwa anazitia alama kwa mafuta, tone kwenye pembe, na vijana wake wanaisoma. Nikanunua karata mpya, nikazificha chini ya godoro. Asubuhi zilinukia mafuta. Nikazifunga kwenye mifuko mitatu ya plastiki, zikanukia mafuta. Nikalala nimezikumbatia kama mchumba, nikaamka mimi mwenyewe nanukia mafuta. Leo nikikumbuka nacheka, lakini wakati ule haikuwa kicheko. Nilikuwa namtazama rafiki yangu akikoroga bukari, mgongo wake mpana, anaimba kwa pua, nami nawaza, huyu simjui. Jiji lile lilikuwa limetufundisha hivyo. Mgeni mwaka ule, wageni walipokuwa wakishambuliwa mitaani, alitazamwa mara mbili, na yule anayetazamwa mara mbili naye hujifunza kumtazama mwenzake mara tatu.

Halafu, siku moja kabla ya fainali, nikasikia. Alidhani nimelala. Ilikuwa saa tisa mchana, nimejilaza baada ya kibarua cha alfajiri, yeye yuko upande wa pili wa pazia anaongea na simu kwa sauti ya chini: "Junior, sikia. Kesho Papa akisukuma, mutupe. Bote. Hata kama uko na karata ya kuua. Ulisikia?" Nikaruka kitandani. Nilipenya kwenye pazia na vyuma vyake vyote, likanivaa kichwani kama shela la bibi harusi. "Nimekukamata!" nikapiga kelele kutoka ndani ya kitambaa. "Mwizi wewe! Alama za mafuta! Ligi yangu!"

Trésor akanitoa pazia kichwani, taratibu, kama anavyomtoa mteja taulo. "Alama gani?" Nikamweleza yote. Akakaa kwenye ndoo. Nilitegemea hasira, lakini alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Profesa, weye ulisoma mpaka usiku, na hii hauioni? Mutu akishindwa kwa Dona Lurdes anafanya nini?" Nikasema anasimama. "Anasimama. Anapeleka kiti. Anashikilia ukuta. Sasa niambie, Junior akae, mutoto wa juzi, Papa Célestin asimame ukutani na suti yake? Papa ule njo alimutoa Junior kwenye stesheni na mufuko moja. Nani atamusimamisha? Weye?" Nikasema mimi nacheza kwa haki. "Jumamosi ya juzi," akaendelea, "Papa alisukuma, weye ukatupa. Ulikuwa na nini?" Nikasema sikuwa na kitu. "Minagawa karata, na zile munatupa minazikusanya, Profesa. Ulikuwa na bafalme babili."

Kweli nilikuwa nao, wa kopa na wa shupaza. Nilikuwa nimejiambia ni busara ya mchezo. Sikuwa nimekaa hata sekunde moja kuuliza mkono wangu ulikuwa unamwogopa nani.

Tukakaa pale, mimi na pazia mapajani, tukitafuta njia. Tumwambie mzee? Trésor akashika kichwa. "Alishaambia Bukavu." Tumwombe Dona Lurdes alegeze sharti? Nilikwenda mbio. Nikamwahidi viti vya plastiki vya kanisa, akasema baa yake si msiba. Tuwaambie vijana wacheze kweli? Wangeweza kumpiga mtu yeyote Johannesburg, ila si kumwinua mzee wao kitini mbele ya watu. Na tukimwacha ashinde, Bra Vusi anaondoka, na ligi inakufa na sifa ya wizi ambao hakuna aliyeufanya. Tulilala bila jawabu. Chungu cha sombe tulikifunika vilevile.

Fainali ilikuwa Jumamosi ya jua kali. Dona Lurdes alikuwa amepika chewa wa chumvi na viazi, baa imejaa hadi uani, kila mtu anatafuna na kushuku. Meza ya mwisho: Papa Célestin katika suti ya kijivu, Junior, mlinzi, Bra Vusi, mimi, na Trésor anagawa. Papa akasukuma mara ya kwanza, tukatupa. Mara ya pili, tukatupa. Bra Vusi akaweka kofia yake mezani. Hakuniangalia mimi, alimgeukia mzee mwenyewe, kwa heshima, kwa Kiingereza cha polepole: "Baba. Samahani. Naomba nikuulize kama mwanamume. Unawalipa nini hawa watoto?"

Nilisikia mafuta yakikaanga jikoni. Vijana wakatazama mapaja yao. Papa Célestin alimtazama Bra Vusi, akatutazama na sisi, na nikaona jambo linapita usoni mwake, kama mtu anayepima nguo aliyoshona mwenyewe na kukuta mkono mmoja mfupi. "Gawa," akamwambia Trésor. Karata mbili zikamfikia. Hakuziinua. Hakuzigusa. Akasukuma vibao vyake vyote katikati, kwa vidole vile viwili, akangoja. Mlinzi akatupa. Mimi nikatupa. Bra Vusi hakutupa wala kufuata, alikunja mikono akimtazama Junior. Junior jasho linamtoka. Akatupa. Hapo Bra Vusi naye akazitupa zake katikati, basi tu.

Papa akazifunua karata zake mbele ya watu wote. Mbili ya pau, saba ya uru. Hakuna takataka kubwa kuliko hiyo katika poka nzima. "Sikuziangalia," akasema. "Muliona? Sikuziangalia." Junior akaanza, "Papa, tunaomba..." "Nyamaza, mutoto wangu." Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Miezi hii yote nilizani munaogopa kichwa yangu. Kumbe munaogopa mvi."

Nilidhani atachukua koti aende, na kesho mchungaji atafunga kila kitu. Badala yake akasimama. Akakishika kiti chake, akakibeba mwenyewe hadi kaunta, akakiweka mbele ya Dona Lurdes. "Asante, mama. Wape wanaokula." Akarudi mezani, akasimama wima kama anayesubiri kupimwa suti. "Nimeshasimama," akasema. "Sasa hakuna wa kunisimamisha. Trésor, gawa. Na ule atanihurumia, kesho asinisalimie."

Saa moja nzima alicheza akiwa amesimama, na kwa mara ya kwanza katika msimu mzima vibao vyake vikapungua. Bra Vusi alimchukulia nusu. Mlinzi akamchukulia kidogo, akiomba msamaha kwa macho, akafokewa kwa macho. Papa alikuwa anatoka jasho, amelegeza tai, anakosea, anauliza, anacheka peke yake. Hatimaye, karata zote tano zikiwa wazi mezani na yeye amebakiwa na kirundo kidogo tu cha vibao, akavisukuma vyote. Vijana wawili tukatupa, safari hii kwa sababu hatukuwa na kitu, naapa. Bra Vusi akatupa. Akabaki Junior, ambaye naye alikuwa na vibao vichache vilevile. Kijana akamtazama mzee wake. Akamtazama machoni, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya, akamtazama kama askari wa mpakani anavyotazama picha kwenye pasi.

"Papa," akasema, "sikuamini."

Akasukuma vyake vyote kufuata. Nyuma yangu mtu akaguna kwa Kizulu. Mimi nikamwangalia Papa Célestin, na Mungu ni shahidi, uso ule niliwahi kuuona kwa watu wanaotajwa majina yao kwenye mahafali. Hakuna mtoto wake hata mmoja aliyewahi kumwambia neno lile. Akaliacha limkae masikioni. Akafunua karata zake pole pole, moja, halafu nyingine: malkia wawili, na wa tatu alikuwa amelala mezani tangu mwanzo.

Bra Vusi aliruka na kofia yake. Dona Lurdes alitoka kaunta na mwiko mkononi. Junior, aliyekuwa na jozi mbili tu, alibaki amekaa, mikono kichwani, akicheka kwa mabega, hajui aende wapi. Papa Célestin akainama juu ya meza, akazoa vibao vyote kwa mikono miwili kama mwizi halali.

"Simama, mwanangu," akamwambia. "Peleka kiti."